De Valera kushinda 1932: ndipo Ayalandi ilipoachana na Mwingereza, au tunampa sifa zisizo zake?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa Brexit na mpaka wa Ayalandi Kaskazini kuna mtu kasema Ayalandi ilipata uhuru 1922, habari ikaishia hapo. Mimi nakataa. Walichopata 1922 ni Dola Huru yenye Gavana Jenerali wa mfalme, wabunge wanaoapa kuwa waaminifu kwa mfalme, bandari tatu zenye askari wa Uingereza, na wakulima wanaopeleka London zaidi ya pauni milioni 3 kila mwaka kama kodi ya ardhi. Uhuru gani huo?

Kilichogeuza mambo ni uchaguzi wa tarehe 16 Februari 1932. Éamon de Valera, aliyehukumiwa kifo na Waingereza kwa uasi wa Dublin wa 1916, kisha akashindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kufungwa na Waairishi wenzake, anaibuka na viti 72 kati ya 153. Tarehe 9 Machi Bunge la Dublin linamchagua kuongoza serikali, kura 81 kwa 68, chama cha Labour kikimbeba. Ndani ya miaka sita kiapo hakipo, Gavana Jenerali hayupo, katiba ni mpya, bandari zimerudi. Na hakuna askari wa Uingereza aliyepigwa risasi kwa hayo.

Mwenye uchaguzi mwingine uliofanya zaidi ya huo auweke mezani. Matusi abaki nayo kwake.

#2 Ndizi Mzuzu
Nimekaa mkao wa kula. Waje wataalamu.

#3 Mtu wa Pwani
Mleta mada umeruka miaka mia na ushee. Uchaguzi uliomtetemesha Mwingereza ni wa Julai 1828, jimbo la Clare. Daniel O'Connell, wakili Mkatoliki, anagombea kiti ambacho hata akikipata haruhusiwi kukikalia, maana kiapo cha kuingia Bungeni kilikuwa kimetungwa makusudi Mkatoliki asiweze kukila. Mpinzani wake, William Vesey-FitzGerald, wala si mtu mbaya. Ni mwenye ardhi aliyekuwa akiwatetea Wakatoliki. Kosa lake ni kuteuliwa waziri, na sheria ya wakati ule ilimtaka waziri mpya arudi kwanza kwa wapigakura wake.

Wapangaji wa mashamba wakaandamana hadi mji wa Ennis wakiongozana na mapadri wao. Kura ilikuwa ya wazi: unasimama, unataja jina la mtu wako, na mtu wa mwenye shamba lako yupo hapo anakusikiliza. Kesho anaweza kukutoa kwenye nyumba. Na walijizuia pombe siku zote za kura, jambo ambalo kwa chaguzi za zama zile lilikuwa muujiza. O'Connell 2,057, FitzGerald 982.

Waziri Mkuu alikuwa Wellington, yule jenerali aliyempiga Napoleon. Yeye na Peel, waziri wake wa mambo ya ndani, walikuwa wapinzani wa Wakatoliki wa miaka nenda rudi. Wakapiga hesabu, wakaona wakimzuia huyu nchi inawaka. Aprili 1829 sheria ikapita, Mkatoliki akaruhusiwa Bungeni. Hapo ndipo Mwairishi alipogundua kwamba kura inaweza kumpigisha Mwingereza magoti. De Valera alikuta njia imeshafyekwa.

#4 Kamusi Hai
Mtu wa Pwani, taja na bei yake basi. Sheria hiyo ilikuja na pacha wake. Kiwango cha mali cha kukupa haki ya kupiga kura mashambani kilipandishwa kutoka shilingi 40 hadi pauni 10 kwa mwaka. Wale wale wapangaji waliokwenda Ennis wakafutwa kwenye daftari. Nchi nzima wapigakura wakatoka zaidi ya laki mbili hadi chini ya elfu arobaini. Mgombea akaingia, waliompeleka wakabaki mlangoni.

#5 Mtu wa Pwani
Nilikuwa nakuja huko, umenikatisha.

#6 Ndizi Mzuzu
😂😂 Kila akibanwa "nilikuwa nakuja huko".

#7 Kalamu Kavu
Mtu wa Pwani, O'Connell alikuwa anadai kuingia ndani ya Bunge la Uingereza. De Valera alikuwa anadai kutoka. Baada ya 1829 muungano wa Ayalandi na Uingereza ukabaki pale pale karibu karne nzima, njaa ya 1845 ikaja ikawakuta bado wanatawaliwa kutoka London. Sasa hilo geuko liligeuza nini?

#8 Msomi Uchwara
Nyote mmepotea. Jibu ni Desemba 1918. Sinn Féin, chama cha waliotaka kujitenga na Uingereza, viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Chama kikongwe cha wazalendo, kilichotawala siasa tangu enzi za Parnell, kiongozi wao wa karne ya 19, kikabaki na viti 6. Sita! Walioshinda wakakataa kwenda London. Januari 21, 1919 wakafungua Bunge lao wenyewe Dublin. Majina yakawa yanaitwa mmoja mmoja, na kwa wengi jibu likawa hilo hilo: amefungwa na wageni. De Valera mwenyewe siku hiyo yuko gereza la Lincoln, Uingereza. Mwezi uliofuata akatoroka.

Na humo humo Constance Markievicz akawa mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Uingereza.

#9 Kamusi Hai
Wa kwanza KUCHAGULIWA. Hakuingia, maana Sinn Féin hawakuwa wanaingia, na yeye alikuwa jela. Wa kwanza kuingia na kukaa ni Nancy Astor, 1919.

#10 Msomi Uchwara
Sawa mwalimu mkuu. Viti 73 vinabaki 73.

#11 Shamba la Bibi
Ila kwenye hivyo 73, majimbo 25 hayakupigiwa kura kabisa kwa sababu hakukuwa na mpinzani. Sisemi hawakuwa na nguvu, nasema mtu asituletee picha ya taifa zima kupanga foleni. Kilichowapa ushindi ni Waingereza wenyewe: kwanza kuwapiga risasi viongozi wa uasi wa 1916 mmoja mmoja mwezi Mei, halafu Aprili 1918 kupitisha sheria ya kuwalazimisha Waairishi jeshini. Mtu aliyekuwa hana habari na Sinn Féin, mwanawe akitaka kupelekwa mitaro ya Ufaransa, anakuwa Sinn Féin usiku huo huo.

#12 Karani wa Zamani
Mleta mada, nimefanya kazi forodha hadi nikastaafu, naomba turekebishe bandiko #1. Zile pauni milioni 3 hazikuwa kodi ya ardhi. Yalikuwa marejesho ya mkopo. Kabla ya uhuru serikali ya Uingereza iliwakopesha wapangaji wa Kiairishi fedha za kununua mashamba kutoka kwa wenye ardhi. Mkulima analipa kidogo kidogo kwa miaka mingi sana, fedha zinakusanywa Dublin, zinapelekwa London kuwalipa waliotoa mtaji.

#13 Kalamu Kavu
Mzee wangu, iwe kodi iwe rejesho, pauni zilikuwa zinavuka bahari.

#14 Karani wa Zamani
Kijana, kwenye makaratasi tofauti ni kubwa. Ukikataa kodi wewe ni mpigania uhuru, ukikataa mkopo wewe ni mdaiwa sugu. Ndiyo maana Uingereza ilijibu kwa ushuru, siyo kwa meli za kivita. De Valera naye alikuwa na hoja ya kisheria: kwamba sheria ya Uingereza ya 1920 ilishazipa serikali za Ayalandi fedha hizo, na kwamba makubaliano ya 1923 na 1926, ambamo Cosgrave, kiongozi wa serikali kabla yake, alikubali kuendelea kulipa, hayakuwahi kupitishwa na Bunge.

#15 Ndizi Mzuzu
Kwa hiyo ni kikundi cha vikoba: mwenyekiti mpya anaingia, anasema mkopo aliusaini mwenyekiti wa zamani bila kikao, hatulipi 😂

#16 Karani wa Zamani
Umepatia kuliko ulivyokusudia. Isipokuwa mwenyekiti huyu aliendelea kukusanya marejesho kwa wanachama, ingawa baadaye aliyapunguza nusu. Alichoacha ni kuyapeleka London.

#17 Mama Ntilie wa Posta
HAPO SASA. Hilo huwa hawalisemi.

#18 Nipo Galway
Salamu kutoka kwenye mvua. Huku natunza wazee, na wazee ukiwapa chai wanaongea. Yupo mmoja kwao walikuwa na shamba dogo, ng'ombe wachache. Anasema miaka ile ya 1934 ndama akizaliwa ilikuwa hasara. Soko la Uingereza limefungwa kwa ushuru na idadi maalumu, hakuna pa kumpeleka. Serikali ikawa inalipa shilingi 10 kwa ngozi ya ndama. Unamchinja mtoto wa ng'ombe wa siku chache, unachuna, unapeleka ngozi, nyama unafukia au unawapa mbwa.

Anasema mama yake hakumsamehe de Valera hadi anaingia kaburini, na baba yake alimpigia kura hadi anaingia kaburini. Nyumba moja, meza moja.

#19 Binti Kigoma
Nipo Galway, hii nimeisoma mara mbili.

#20 Karani wa Zamani
Mzee huyo anasema kweli. Mpangilio ulikuwa hivi. Julai 1932 Uingereza inaweka ushuru wa asilimia 20 kwa mifugo na mazao ya Ayalandi ili ijilipe fedha zake mpakani. Dublin inajibu kwa ushuru juu ya makaa ya mawe, saruji, chuma. London inapandisha tena. Kumbukeni zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje ya Ayalandi yalikwenda Uingereza, kwa hiyo vita hivi havikuwa vya watu wa uzito mmoja. Ng'ombe wakawa wanavushwa usiku kwenda Ayalandi Kaskazini, ambako wakifika tu wanakuwa ng'ombe wa Uingereza. Mpaka ule una vichochoro vingi, na sisi tuliokaa mipakani tunajua ng'ombe hana pasipoti.

1935 wakachoka kidogo, wakakubaliana kubadilishana: ninyi chukueni ng'ombe zaidi, sisi tutanunua makaa yenu. Aprili 1938 wakamaliza kabisa. Ayalandi ikalipa pauni milioni 10 kwa mkupuo, deni lililokuwa likihesabiwa karibu milioni 100 likafutwa. Na bandari zikarudi: Cobh, Berehaven na Lough Swilly. Aliyekuwa akimsikiliza de Valera kwa subira upande wa Uingereza, tangu 1935, ni waziri kijana, Malcolm MacDonald.

#21 Kalamu Kavu
Milioni 10 badala ya 100, na bandari juu. Mnasema hakugeuza kitu?

#22 Kamusi Hai
Nasema aliyegeuza ni Hitler. 1938 Chamberlain anazunguka Ulaya anatafuta utulivu kwa bei yoyote. Wakuu wake wa majeshi wakamwambia wazi kwamba kuzishikilia bandari tatu ndani ya nchi yenye chuki kutahitaji askari wengi kuliko faida yake. Churchill peke yake na wachache wakapiga kelele Bungeni. Hali ya Ulaya ingekuwa shwari, de Valera angeomba bandari mpaka ndevu ziote.

Na kingine. Kiapo na Gavana Jenerali aliviondoa kwa ufunguo wa mtu mwingine. Desemba 1931 ilipita Sheria ya Westminster iliyozipa nchi kama Kanada, Afrika Kusini na Ayalandi uwezo wa kufuta sheria za Uingereza ndani ya mipaka yao. Walioipigania kwenye mikutano ya London ni mawaziri wa Cosgrave, wale wale aliowaita vibaraka. Wamechonga ufunguo, wamepoteza uchaguzi, akaja mwingine akafungua mlango na kupigiwa makofi.

#23 Kalamu Kavu
Ufunguo ukikaa mfukoni hauna maana. Cosgrave alikuwa nao, asingeutumia. Kampeni yake yote ya 1932 ilikuwa "tusimuudhi Mwingereza" na "hawa ni wakomunisti".

#24 Chifu Mstaafu
Vijana, shikamooni mnayo au hamna?

#25 Ndizi Mzuzu
Shikamoo Chifu 🙏

#26 Binti Kigoma
Shikamoo babu.

#27 Chifu Mstaafu
Marahaba. Karani amemtaja Malcolm MacDonald kama mtu wa kupita. Huyo ndiye Gavana wa mwisho wa Kenya, 1963, na baada ya uhuru ndiye Gavana Jenerali pekee tuliyewahi kuwa naye, hadi tukawa jamhuri Desemba 1964. Nilikuwa mwanafunzi, tulipangwa kando ya barabara na bendera za karatasi. Mtu mfupi, mwembamba, anapunga mkono kama anaaga treni. Wazungu wa Nyanda za Juu walimnung'unikia kwa sababu aliharakisha mambo badala ya kuyachelewesha.

Baba yake, Ramsay MacDonald, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza de Valera aliposhinda 1932. Na Juni 1940, Ufaransa inaanguka, Malcolm huyo huyo alitumwa Dublin kumwambia de Valera: ingieni vitani nasi, tutatangaza kukubali muungano wa kisiwa chote. De Valera akakataa, hakuamini kwamba Belfast wangekubali. Kwa hiyo mtu aliyekuja kushusha bendera Nairobi alikuwa ameshafanya mazoezi Dublin.

#28 Msomi Uchwara
Chifu kwa hiyo una miaka mingapi?

#29 Chifu Mstaafu
Ya kutosha kukutuma dukani.

#30 Ndizi Mzuzu
😂😂😂😂

#31 Msomi Uchwara
Sawa babu 😂. Lakini hiyo inathibitisha kitu. Tanganyika nayo ilikuwa na Gavana Jenerali, Turnbull, mwaka mmoja tu, halafu jamhuri Desemba 1962 na bado tumo Jumuiya ya Madola. Njia hiyo aliifungua de Valera.

#32 Kamusi Hai
Aliyeifungua ni India. Ayalandi ilijitangaza jamhuri Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili 1949, ikatoka kabisa kwenye Jumuiya. Siku chache baadaye, Aprili hiyo hiyo, wakakubaliana London kwamba India inaweza kuwa jamhuri na kubaki. Tanganyika, Kenya, wote tulipita mlango wa India. Na aliyetangaza jamhuri ya Ayalandi hakuwa hata de Valera. Alikuwa ameshashindwa uchaguzi wa 1948, ni John Costello, wa upande wa warithi wa Cosgrave.

#33 Msomi Uchwara
Wewe jamaa huna hata rafiki mmoja, sivyo?

#34 Mama Ntilie wa Posta
Mimi niwarudishe chini kidogo. Mnaongea mfalme, kiapo, bandari. Yule mpigakura wa Februari 1932 alikuwa anawaza sufuria. Serikali ya Cosgrave ilishawahi kuwakata wazee shilingi moja kwenye pensheni yao, 1924, na watu hawakusahau. Mwaka wa uchaguzi wanatangaza kupunguza mishahara ya walimu na polisi. Nani anakwenda kwenye kampeni na habari hiyo? Marekani kuna mdororo, hakuna pa kuhamia, vijana wamejaa nyumbani, pesa za ndugu walioko Boston zimekauka. De Valera kaja na ahadi ya nyumba, viwanda, kazi. Angekuja na ahadi hizo na kuimba wimbo wa mfalme, bado wangempa.

#35 Shamba la Bibi
Wimbo wa mfalme hapana, lakini nimekuelewa 😂

#36 Kalamu Kavu
Mama, tukubaliane sufuria ilimpa kura za 1932. Mbona Januari 1933 aliitisha uchaguzi wa ghafla, vita vya ushuru vimeshaanza, ng'ombe hawauziki, na akatoka viti 72 hadi 77? Sufuria ilikuwa tupu zaidi.

#37 Mama Ntilie wa Posta
Kwa sababu walioumia na ng'ombe ni wenye ng'ombe wengi, wale wa mashamba makubwa ya Meath, ambao hawakuwa wake tangu mwanzo. Mkulima mdogo alipunguziwa rejesho kwa nusu, soma tena bandiko #16. Asiye na ng'ombe alipata nyama ya bei ya chini na kibarua cha kujenga nyumba. Kura ni hesabu ya nani anaumia, siyo wangapi wanaumia.

#38 Nipo Galway
Mzee wangu wa shilingi 10 angebisha hapo. Kwao walikuwa wadogo na waliumia.

#39 Mama Ntilie wa Posta
Na baba yake akaendelea kumpigia kura. Kwa nini?

#40 Nipo Galway
Nilimuuliza hilo. Akasema "kwa sababu wao hawakutaka". Wao ni nani, Waingereza au jirani zao wenye mashamba makubwa, hakufafanua, akadai biskuti.

#41 Chifu Mstaafu
Kitu mnachokiruka ni siku yenyewe ya 9 Machi. Miaka kumi tu nyuma, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wa Cosgrave na wa de Valera walikuwa wanauana. Serikali ya Cosgrave iliwanyonga, hapana, iliwapiga risasi wafungwa 77 wa upande wa de Valera wakati wa vita ile. Jeshi na polisi vyote viko mikononi mwa walioshinda. Inasimuliwa kuna wabunge wa de Valera walioingia ukumbini na bastola mfukoni. Cosgrave akahesabu kura, akakubali, akakabidhi. Usiku ule ule de Valera akamtuma Frank Aiken, waziri wake wa ulinzi, gerezani Arbour Hill kuwaona wafungwa wa IRA, jeshi la siri la wanaodai jamhuri, kesho yake wakaanza kutoka. Jeshi likampigia saluti mtu liliyemwinda.

Kwangu mimi geuko ni hilo, na sifa ni ya aliyeondoka. Kwetu tunajua makabidhiano ya namna hiyo yalivyo adimu.

#42 Kamusi Hai
Chifu naunga mkono. Na niongeze kwamba de Valera huyo huyo, 1936, aliipiga IRA marufuku.

#43 Kalamu Kavu
Kamusi Hai kaunga mkono mtu! Wekeni tarehe.

#44 Mtoto wa Lubumbashi
Ndugu zangu, tangu mwanzo nasubiri mtu ataje Roger Casement. Sisi Wakongo tunamjua kabla ya de Valera. Alikuwa konsuli wa Uingereza Kongo, 1903 akapanda mto akiandika ushahidi wa watu waliokatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ripoti ikatoka 1904. Uingereza ikampa nishani. Miaka kumi na miwili baadaye ikamnyonga London, Agosti 1916, kwa kutafuta silaha za Wajerumani kwa ajili ya nchi yake. Mifupa ilikaa Uingereza hadi 1965 ndipo ikarudishwa Dublin. De Valera alikuwa rais, mzee wa miaka 82, mgonjwa, akatoka kitandani akaenda makaburini kusema maneno.

#45 Binti Kigoma
Asante sana kwa hii. Nilisoma kwa masista wa Kiairishi, walitufundisha nyimbo, sala, hata kufuma sweta, lakini hilo la Casement hawakuwahi kulitaja.

Mimi kura yangu naipeleka 1981. Bobby Sands, miaka 27, mfungwa wa IRA gereza la Maze, ameanza mgomo wa kula tarehe 1 Machi. Siku chache baadaye mbunge wa Fermanagh na South Tyrone anafariki ghafla, kiti kinabaki wazi. Sands akagombea akiwa kitandani gerezani. Wazalendo wengine wakajitoa ili kura zisigawanyike, akabaki yeye na Harry West wa upande wa Waunionisti, wanaotaka kubaki na Uingereza. Aprili 9: Sands zaidi ya 30,400, West 29,046. Thatcher alikuwa anasema hawa ni wahalifu wa kawaida, hawana watu nyuma yao. Watu elfu thelathini wakamjibu. Mei 5 akafa, siku ya 66 bila kula, mbunge wa Bunge la Uingereza. Wengine tisa wakamfuata.

Kabla ya hapo Sinn Féin ya Kaskazini haikuamini kura. Baada ya hapo 1983 Gerry Adams akashinda Belfast Magharibi, na barabara ile ndiyo iliyofika kwenye mkataba wa amani wa Kaskazini, Mkataba wa Ijumaa Kuu, 1998. De Valera wenu hakuligusa suala la Kaskazini kabisa.

#46 Shamba la Bibi
Afadhali dada umesema. Aliligusa kwa kuliharibu. Katiba yake ya 1937 ilidai kisiwa kizima ni chake, ikamuondoa mfalme kwenye kila ukurasa, ikalipa Kanisa Katoliki nafasi maalumu. Mprotestanti wa Belfast akisoma hayo anasema nini? "Niliwaambia." Kila hatua Dublin iliyoondoka kwa Mwingereza, ukuta wa mpaka uliongezwa tofali. Madai yale yalikuja kulegezwa na kura ya maoni ya 1998.

#47 Kalamu Kavu
Mpaka uliwekwa 1920–21, de Valera hajaingia serikalini. Na Binti Kigoma, baada ya Sands, Uingereza ilibadilisha sheria mwaka huo huo ili mfungwa wa kifungo cha zaidi ya mwaka asigombee tena. Hilo ni geuko au ni mlango kufungwa?

#48 Binti Kigoma
Wakagombea kwa jina la wakala wake wa uchaguzi, Owen Carron, Agosti hiyo hiyo, akashinda kiti kile kile na kura zikaongezeka. Na Tehran wakaubadilisha mtaa wa Winston Churchill, ubavuni mwa ubalozi wa Uingereza, ukaitwa Bobby Sands. Ubalozi ukahamishia mlango wake mtaa mwingine ili usiandike jina hilo kwenye barua zake. Mlango ulifungwa kweli, ila wa ubalozi 😂

#49 Ndizi Mzuzu
Dada kaua 😂😂 Kalamu Kavu kalamu imekauka.

#50 Mtu wa Pwani
Naona wote mmeshanirudia bila kujua. Sands anagombea kiti asichoweza kukikalia. O'Connell 1828, hivyo hivyo. Wabunge wa 1918, hivyo hivyo. De Valera mwenyewe alianzia wapi? Uchaguzi mdogo wa Julai 1917, katoka jela mwezi uliopita, anapata 5,010 kwa 2,035. Jimbo gani? Clare Mashariki. Na 1932 alikuwa mbunge wa wapi?

#51 Kamusi Hai
Clare. Tangu 1917 hadi 1959 alipokuwa rais.

#52 Mtu wa Pwani
Asante. Mleta mada, hata shujaa wako ni wa kwangu.

#53 Kalamu Kavu
Basi Clare ichukue kikombe, mimi nabaki na mwaka wangu. Lakini jibu hili kabla hujalala: kama O'Connell alishaonyesha njia 1828, kwa nini 1843 serikali ilipopiga marufuku mkutano wake wa Clontarf, wa kudai muungano uvunjwe, aliwaambia watu warudi nyumbani, na harakati yake ikafia pale?

#54 Mtu wa Pwani
Kwa sababu hakutaka damu. Naandaa jibu refu, bando limebaki kidogo.

#55 Ndizi Mzuzu
"Nilikuwa nakuja huko" 😂😂

#56 Karani wa Zamani
Wakati anatafuta bando, kuna anayejua zile pauni milioni 10 za 1938 Dublin walizipata wapi? Nchi iliyochinja ndama kwa shilingi 10 haikosi kuwa ilikopa.